Jumatatu naanza fildi kwenye kampuni ya mifumo na Laravel siijui. Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni binti wa mwaka wa pili, nasoma sayansi ya kompyuta Dodoma. Nimepata nafasi ya fildi ya wiki nane kwenye kampuni inayotengeneza mifumo ya kompyuta, ipo Njiro hapa Arusha. Nitakaa kwa shangazi, Usa River. Naanza Jumatatu. Chuoni tumesoma C, Java na hifadhidata, lakini nimeambiwa wao wanatumia Laravel (ya kujengea mifumo ya wavuti) na Git (ya kutunza historia ya msimbo), na sijawahi kuvitumia. Naogopa siku ya kwanza tu watagundua sijui kitu. Nikiulizwa najua nini, nijibuje? Halafu rafiki yangu mwaka jana alimaliza wiki zote nane akitoa fotokopi. Nikipangiwa hivyo nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Kila ukifika mwezi wa saba naona vijana wakizunguka mjini na barua za chuo mkononi, ofisi hii hadi ile, wakirudishwa. Kampuni za mifumo hapa Arusha nyingi ni ndogo. Watu wachache, meza chache, na wateja wanaopiga simu tangu asubuhi: kampuni za utalii, hoteli, shule, SACCOS. Mwanafunzi akipokelewa, kuna mtu mmoja mle ndani anayelazimika kuacha kazi yake ili amwelekeze. Huo muda wa mtu ndio unaopewa Jumatatu, na karibu yote nitakayokuambia yanahusu namna ya kuupokea.

Tuanze na hofu yako. Hakuna atakayegundua kwamba Laravel huijui, kwa sababu wanajua tayari. Aliyekubali barua ya mwanafunzi wa mwaka wa pili anafahamu mnafundishwa nini na hamfundishwi nini. Anachokitazama siku ya kwanza ni kingine kabisa: nikimwambia jambo analiandika, au kesho ataniuliza lile lile? Akikwama anasema, au anakaa kimya akiigiza kwamba anafanya kazi? Nikimpa nenosiri la mfumo, litabaki kwake? Hayo yote unaweza kuyafanya vizuri bila kujua mstari hata mmoja wa PHP, lugha inayotumika kuandika Laravel.

Sasa wakikuuliza unajua nini. Wanafunzi wengi hujibu "najua kidogo kidogo", na wengine kwa unyenyekevu husema "sijui kitu, nimekuja kujifunza". Majibu yote mawili yanamwacha msimamizi gizani, ikabidi atumie wiki nzima kukupima. Mjibu kwa mambo yanayoshikika. Kwa mfano: "Java nimesoma muhula mzima, na niliandika programu ndogo ya kuazimisha vitabu. Kwenye hifadhidata ya MySQL naweza kuunda majedwali na kutoa taarifa kutoka majedwali mawili yaliyounganishwa. Majedwali matatu bado yananisumbua. Laravel sijaigusa. Git nimeisikia tu." Jibu hili halichukui hata dakika moja, na msimamizi mwenye akili atajua papo hapo akupe nini. Aliyesikia kwamba unaunganisha majedwali mawili anaweza kukupa ripoti ndogo ya mauzo uiandae siku hiyo hiyo.

Na usidhani unaanzia sifuri. Laravel imejengwa juu ya PHP, na PHP ya leo ina madarasa (classes) na vitu (objects) kama Java uliyosoma. Ukifungua mradi wa Laravel utakuta kazi zimegawanywa: faili zinazoshughulika na data, faili za kurasa anazoziona mtumiaji, na faili zinazopokea ombi na kuamua nini kifanyike. Aliyeielewa Java vizuri husoma msimbo huo na kushika nusu yake hata kabla hajafundishwa.

Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili usikeshe na video za Laravel. Siku mbili hazitoshi, na utaingia ofisini umechoka na umechanganyikiwa. Jifunze Git. Inafundishika ndani ya siku mbili, ipo karibu kila ofisi ya programu duniani, na mtu anayeijua hahitaji kusimamiwa kwa wasiwasi. Linus Torvalds aliitengeneza mwaka 2005 ili watu wengi walioandika mfumo endeshi wa Linux, kila mmoja kwake, waweze kufanya kazi kwenye msimbo mmoja bila kufutiana. Hiyo ndiyo shida ile ile ya ofisi ya watu watano Njiro. Fungua folda tupu kwenye laptopu yako, andika faili mbili tatu, kisha ufanye mazoezi: kuhifadhi badiliko pamoja na maelezo yake, kufungua tawi (njia ya pembeni ya kujaribia mabadiliko bila kugusa kazi kuu), kubadili kitu kwenye tawi, kurudi kwenye tawi kuu na kuona faili limerudi lilivyokuwa, kisha kuyaunganisha matawi. Izoee amri ya git status mpaka vidole viiandike vyenyewe. Inakuambia uko wapi na umegusa nini, na ukiisoma kabla ya kila hatua huwezi kuharibu mengi.

Ya safari na mavazi nitayapitia haraka. Kutoka Usa River utapanda gari ya mjini kisha ubadilishe ya Njiro, na asubuhi barabara ya Moshi hujaa kuanzia Tengeru kuja huku. Toka mapema ufike kabla ya saa mbili. Vaa nguo safi za heshima unazoweza kukalia kutwa. Beba sweta, baridi ya mwezi wa saba unaijua au utaijua. Beba daftari na kalamu, chaja, na kitambulisho cha chuo. Msalimie mlinzi, msalimie dada wa mapokezi, msalimie anayefanya usafi, shikamoo kwa anayestahili shikamoo. Humo ofisini vijana wataitana kwa majina; wewe anza na kaka na dada, wao wenyewe watakuambia wakitaka vingine.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana siku ya kwanza kuna kazi moja utakayopewa karibu kwa uhakika: kuuwasha mfumo wao kwenye laptopu yako. Watakupa ruhusa ya kuuchukua msimbo, maelezo mafupi (mara nyingi yamepitwa na wakati), kisha watakuacha. Kushusha vipande vyote ambavyo mradi unategemea hula MB nyingi, kwa hiyo omba waifai ya ofisi mapema, usimalizie bando lako. Kazi hii inachosha na wanafunzi huiona kama kikwazo kabla ya kazi halisi. Mimi naiona ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote za wiki ya kwanza, kwa sababu ukiimaliza utakuwa umejua mfumo unaishi wapi, unaongea na hifadhidata gani, unatuma ujumbe mfupi kupitia wapi, na nini kikikosekana unagoma.

Utakwama. Karibu kila mtu hukwama hapo. Tuseme umefuata maelezo yote, umefungua kivinjari, na badala ya ukurasa wa kuingia umepata ukurasa mwekundu wenye ujumbe kwamba muunganisho umekataliwa, na ndani yake ipo namba 2002. Wengi hapo humwita msimamizi: "Kaka, haifanyi kazi." Anaacha kazi yake, anakuja, anaanza kukuuliza maswali kumi. Wewe fanya hivi. Usome ujumbe wote, mpaka mwisho, hata kama ni mrefu na unatisha. Tafuta neno unalolijua. Hapo utaona jina la hifadhidata, na namba 3306, ambayo ndiyo mlango MySQL inaousikiliza kwa kawaida. Kumbe msimbo wa Laravel hauna tatizo: umekwenda kugonga kwenye MySQL na hakuna aliyefungua. Kama chuoni mlitumia XAMPP, programu ya kuwashia MySQL kwenye kompyuta yako, ifungue uangalie: MySQL imewashwa? Mara nyingi jibu ni kwamba haijawashwa, ukiiwasha mambo yanakwenda. Kama imewashwa na bado inagoma, angalia faili la mipangilio la mradi linasema namba gani ya mlango, jina gani la mtumiaji.

Ukishajaribu hayo kama nusu saa na bado, hapo nenda ukaulize, wala usione haya. Lakini uende na maneno kamili: "Kaka, nimefika hatua ya kuwasha mfumo. Naambiwa muunganisho wa hifadhidata umekataliwa, 2002. MySQL kwangu imewashwa na ipo 3306, nimehakikisha. Faili la mipangilio nalo linasema 3306. Nimejaribu kuwasha upya MySQL na mfumo wenyewe. Niangalie wapi tena?" Akisikia hivyo, atakujibu bila hata kuinuka kwenye kiti: "Kwenye jina la seva, badilisha localhost uweke 127.0.0.1, yaani namba ya kompyuta yako yenyewe." Umemchukulia nusu dakika. Andika jibu kwenye daftari, pamoja na ujumbe wa kosa ulivyokuwa. Na ukimaliza yote, yale maelezo mafupi yaliyopitwa na wakati yasahihishe, umwoneshe kama yanaweza kuingizwa kwenye mradi. Huo utakuwa mchango wako wa kwanza, na mwanafunzi atakayekuja baada yako atapumzika.

Nusu saa niliyoitaja si sheria. Ila mwanafunzi anayeuliza kila baada ya dakika mbili hajifunzi, na anayekaa na tatizo tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni bila kusema anaumiza kazi ya wote. Kati ya hao wawili, wa pili ndiye anayewapa wasimamizi shida zaidi, na kwa uzoefu wangu wasichana wengi wazuri huangukia huko, kwa kuogopa kuonekana hawawezi. Usiwe miongoni mwao. Uliza.

Ukiwa na bahati, jioni utapewa hitilafu ndogo uitazame. Nikupe mfano mmoja wa aina ninayoiona sana kwenye mifumo ya utalii hapa kwetu, ili ukikutana nayo usiikimbilie. Mteja analalamika: mgeni anatua KIA saa mbili usiku, lakini orodha ya madereva inaonesha saa kumi na moja jioni. Dereva amekaa uwanjani saa tatu nzima. Ukiona tofauti ya saa tatu kamili, jua tatizo lilipo: seva nyingi duniani hutunza muda kwa saa ya kimataifa, UTC, na Tanzania iko mbele yake kwa saa tatu. Laravel nayo ikiwa mpya kabisa huwa imewekwa kwenye UTC mpaka mtu aibadilishe.

Utashawishika kufungua faili la mipangilio, kuweka saa ya Dar es Salaam, na kutangaza kwamba umemaliza. Ngoja kwanza. Je, rekodi zote za zamani zilizomo kwenye hifadhidata ziliandikwa kwa saa ipi? Ukibadili mpangilio bila kuzigusa, safari za mwezi uliopita zitaanza kusomeka vibaya. Na muda wa ndege aliouandika mgeni mwenyewe akiwa Ujerumani? Wao husogeza saa zao mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo tofauti yetu nao ni saa moja majira yao ya joto na saa mbili majira ya baridi, wakati sisi hatusogezi kamwe. Njia inayofuatwa na wengi ni kutunza muda kwa UTC ndani ya hifadhidata na kuugeuza uwe wa hapa pale tu unapooneshwa mtu. Wewe siku ya kwanza hutegemewi kuitengeneza. Ukienda kwa msimamizi ukamwambia, "Tofauti ni saa tatu kamili, nadhani ni UTC, ila nahofia rekodi za zamani, tuziangalie kwanza?", umefanya kazi ya mtu mzima. Ya namna hiyo ipo nyingine, utaiona tu: mteja mmoja kuandikishwa mara mbili kwa sababu namba ya simu imewekwa mara moja ikianza na 0 na mara nyingine ikianza na 255.

Niseme la siri kwa uzito, maana hapo ndipo mwanafunzi anaweza kuumiza watu bila kukusudia. Mradi wa Laravel una faili linaloitwa .env. Humo ndimo yalimo nenosiri la hifadhidata, funguo za kutuma ujumbe mfupi, na pengine funguo za malipo. Faili hilo halitumwi kwenye Git, halitumwi WhatsApp, halipigwi picha. Git hutunza historia yote: ukilituma leo na kulifuta kesho, bado limo kwenye historia, na kwa mradi ulio wazi kwa umma kuna programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikitafuta funguo za namna hiyo. Likitokea, usifute kimya kimya. Mwambie msimamizi dakika ile ile ili funguo zibadilishwe.

Vivyo hivyo taarifa za wateja. Kwenye mfumo wa hoteli utaona nakala za pasipoti. Kwenye mfumo wa SACCOS utaona mkopo wa jirani wa shangazi yako pale Usa River. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayokataza kuingia kwenye mfumo usioruhusiwa. Usitazame rekodi ambayo kazi haikuhitaji uitazame. Na kabla hujabandika msimbo wa ofisi kwenye ChatGPT au programu nyingine ya namna hiyo, uliza kama wanaruhusu, na usibandike kamwe majina, namba za simu wala pasipoti za watu. Ukiuliza hilo siku ya kwanza, hawatakuona mshamba, watalala vizuri.

Kuna jambo jingine ambalo wewe kama binti una haki ya kulijua kabla hujaingia. Ofisi nyingi zina watu waungwana. Lakini akitokea yeyote, awe msimamizi au mwenye kampuni, anayekuashiria kwamba alama zako, sahihi ya logbuku yako (daftari la kazi za kila siku za fildi) au nafasi yako inategemea uhusiano naye, hiyo inaitwa rushwa ya ngono, na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinaitaja kuwa kosa. Tunza ujumbe wote, usiufute kwa aibu. Mwambie shangazi siku hiyo hiyo, mwambie mratibu wa fildi wa chuo chako, na TAKUKURU wanapatikana bure kwa namba 113. Chuo kinaweza kukuhamishia kwingine katikati ya fildi. Hutakuwa umepoteza kitu.

Logbuku ijaze jioni ile ile, ukiwa bado unakumbuka. Ukiiacha mpaka Ijumaa utaandika "nilifundishwa mfumo" mara tano, na mwalimu wa chuo akija kukukagua hataona ulichojifunza. Andika kama hivi: "Nimewasha mfumo wa kuhifadhi nafasi za safari kwenye laptopu. Nimekwama kwenye muunganisho wa MySQL, kosa 2002. Sababu ilikuwa jina la seva kwenye mipangilio. Nimesahihisha maelezo ya usakinishaji." Ni sentensi nne tu, na zina ukweli wote. Kama chuo kinataka Kiingereza, andika Kiingereza, lakini kwa mtindo huo.

Na chakula cha mchana kula nao. Wakienda kwa mama ntilie, nenda, hata kama umebeba chako. Hapo ndipo utakapojua mteja gani ni mgumu, mfumo upi ni mzee, na nani wa kumuuliza kuhusu nini. Kama hela ya fildi ya Bodi ya Mikopo haijaingia, chai na chapati inatosha. Hakuna anayehesabu.

Nimalizie na la fotokopi. Siku ya kwanza ukitumwa kutoa fotokopi, toa, na uitoe vizuri. Siku ya pili pia. Ofisi ndogo kila mtu hufanya kidogo cha kila kitu, na hata mwenye kampuni utamkuta anabeba printa. Lakini Ijumaa ikifika na bado hujagusa msimbo, mwendee msimamizi asubuhi, wakati hajachoka, na usiende na malalamiko. Nenda na ombi dogo lililo wazi: "Kaka, fotokopi nitaendelea nazo. Naomba kila siku kuanzia saa nane mchana nikae na mmoja wa wataalamu nimtazame akifanya kazi, na nipewe hitilafu moja ndogo kwa wiki. Mfumo kwangu umeshawaka." Ombi la namna hiyo ni gumu kulikataa, kwa sababu halimgharimu karibu kitu, na umeshamwonesha kwamba uko tayari. Akikataa kabisa, au akikubali kwa mdomo na wiki ya pili ikapita vile vile, mpigie mratibu wa fildi wa chuo usisubiri wiki ya saba. Wiki ya pili bado kuna muda wa kukutafutia pengine, na barua ya chuo ikitoka kwa mratibu hufungua milango ambayo wewe ukienda peke yako hufungiwa.